Lori la Matofali Matatu

Mwenye mtoto na asikie, na asiye naye aweke akiba, kwa maana haya yalitokea Nyangoto lakini yanaweza kutokea kwenye uwanja wa mtu yeyote.

Leonida alikuwa mjane. Mume wake, Batholomeo, alikuwa mchimbaji mdogo, wale wanaoshuka duarani, kwenye shimo la dhahabu, kwa kamba na tochi kichwani. Mtu huyu alikuwa na neno moja tu mdomoni: "Naiona." Asubuhi akinywa uji, anaiona. Jioni akirudi na vumbi mpaka kwenye kope, bado anaiona. Aliiona dhahabu ndani ya mwamba kama mwingine anavyoona ng'ombe wake malishoni. Wenzake walimwambia matimba yameoza, ile miti inayoshikilia kuta za duara. Akasema akishafika kwenye mawe mazuri atanunua matimba mapya. Basi dhahabu aliiona, matimba hakuyaona, na ukuta haukumsubiri. Walimtoa kwa majembe.

Tangu hapo Leonida hakupenda kumsikia mtu akisema anaona kitu ambacho hakipo. Na Mungu naye ana utani wake, maana alikuwa amempa binti mmoja tu, Huruma, na binti huyo alikuwa ameyachukua macho ya baba yake yote mawili.

Huruma alikuwa amemaliza kidato cha nne na matokeo yake hayakumpeleka mbali. Akabaki nyumbani, analima, anachota maji, anatazama barabara. Kwenye barabara ile yalikuwa yanapita malori makubwa ya kubeba kifusi. Siku moja lilipita moja linaendeshwa na mwanamke, kitambaa kichwani, kiwiko dirishani, kama mtu aliyekaa sebuleni kwake. Huruma aliweka ndoo chini.

"Mama," alisema, "lile nitaendesha mimi."

"Chota maji," alisema Leonida.

Haukupita muda, chuo kimoja cha udereva mjini Tarime kikatangaza kwamba kitachukua wasichana wa vijijini na kuwafundisha bure, ila kwanza wajaribiwe uwanjani. Huruma akajiandikisha kabla hajaomba ruhusa. Na kwenye simu ya mjomba wake akampata mhubiri mmoja wa mafanikio, wale wenye suti na sauti ya maji ya moto, anayefundisha hivi: fumba macho, jione tayari umefika. Usiseme nitapata, sema nimepata. Usiseme nitakuwa, sema mimi ndiye. Huruma akayameza maneno hayo bila kutafuna.

Siku iliyofuata Leonida alitafuta ungo apepete ulezi, hakuuona. Alizunguka nyuma ya nyumba na kumkuta binti yake amekaa kwenye kigoda, macho yamefumbwa, ameushika ungo kwa mikono miwili na kuukata kushoto polepole.

"Unafanya nini?"

"Nashuka mlima wa Nyamwaga, mama. Usinisemeshe, kuna kona."

Leonida alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, na kwa kuwa hakujua aanze na lipi, akasema tu, "Nataka ungo wangu."

"Nikifika Tarime nakurudishia."

Jambo la namna hiyo halifichiki. Jirani yao Agustina, mama aliyekuwa na ulimi unaoweza kumenya viazi, alichungulia juu ya ua wa minyaa.

"Mama Huruma, njoo hapa unieleze," aliita. "Mimi nimezoea kusikia wachawi wanapaa na ungo usiku. Huyu wako anapaa mchana?"

"Haendi juu. Anakwenda Tarime," alijibu Leonida.

"Aniletee chumvi basi."

Watu waliokuwa njiani wakacheka. Leonida naye alicheka kwa meno, lakini tumbo lake halikucheka. Katika nchi ile neno la ungo si neno la kuchezea. Linaanza kama utani, linaishia na watu mlangoni. Alimwendea Huruma na kumwambia aache, kwa upole kwanza, kisha kwa ukali, kisha kwa kumtaja marehemu.

"Baba yako alikuwa anaona hivyo hivyo."

"Baba alikuwa anaona na hafanyi mazoezi," alisema Huruma. "Mimi nafanya mazoezi."

Hapo ndipo alipoingia Zablon.

Zablon alikuwa mdogo wake Leonida, na alikuwa utingo wa malori miaka mingi, Sirari mpaka Mwanza na kurudi. Kazi yake ilikuwa kufunga turubai, kuweka jiwe nyuma ya tairi na kumtukana mwenye baiskeli. Usukani hakuwahi kuushika hata gari likiwa limezimwa. Lakini alikuwa amekaa karibu na madereva muda mrefu kiasi kwamba alitembea kama wao, mguu mmoja mzito, na kijijini kwao pale hapakuwa na mtu wa kumbishia. Wengine wote walikuwa wameendesha maksai, baiskeli na bodaboda basi.

"Dada, mtoto anaendesha ungo bila miguu," alisema. "Gari ni miguu. Niletee matofali."

Akaletewa matofali matatu ya kuchoma. Zablon alivuta kigoda chake, akakaa uso kwa uso na Huruma, magoti karibu yagusane, kama mtu anayecheza bao. Akayapanga matofali chini kati yao.

"Hii hapa, kushoto, ni klachi. Katikati breki. Kulia mafuta. Sema."

"Klachi. Breki. Mafuta," alisema Huruma, akigusa kila tofali kwa mguu.

"Ukitaka kubadili gia?"

"Nakanyaga klachi mpaka chini."

"Huyu ni dereva," alisema Zablon, na akaomba uji.

Leonida aliyaona hayo yote kutoka jikoni. Aliona, lakini kama yeye alivyokuwa anasema, kuona si kutazama.

Kuanzia hapo Huruma aliendesha kila siku. Alibeba mahindi ya Gorong'a akayashusha Sirari. Alipishana na ng'ombe, alipiga honi kwa mdomo, alilala njiani tairi lilipopasuka. Miguu yake ikawa inajibu yenyewe. Ukisema klachi nyuma yake ghafla, mguu umeshashuka. Watoto wakampa jina la Dereva wa Ungo, na Agustina akawa hapiti bila kuuliza nauli. Huruma alikuwa akitoka kwenye kigoda anasema kwa sauti, kama simu ilivyomfundisha, "Mimi ni dereva." Hakusema atakuwa. Na Leonida, Mungu amsamehe, alianza kumwamini, maana mtoto alikuwa na uso wa mtu anayetoka kazini.

Siku ya kujaribiwa walipanda bodaboda mshikaki, mama nyuma, binti katikati. Uwanja wa chuo ulikuwa mpana, umezungushiwa uzio wa waya, na mwisho wake kulikuwa na pipa la rangi nyekundu. Mtu alitakiwa kuondoa lori, kubadili gia, kulipeleka mpaka karibu na pipa na kulisimamisha kabla hajaligusa. Wasichana walikuwa wengi. Mwalimu aliitwa Steven, mtu mfupi mwenye kofia, sauti ya chini.

"Nani kati yenu hajawahi kukaa kwenye usukani?" aliuliza.

Mikono yote ilipanda isipokuwa mmoja.

"Wewe umewahi?"

"Mara nyingi, mwalimu," alisema Huruma. "Mimi ni dereva."

Wala hakuwa anadanganya kwa alivyojua. Alikuwa amekwenda Sirari na kurudi.

"Vizuri. Wengine watafundishwa kwanza asubuhi hii. Wewe panda uwaonyeshe."

Msomaji, shika hapo. Wale ambao hawakuwahi walikalishwa chini wakaonyeshwa kila kitu polepole. Huyu aliyejiona ameshafika aliruka darasa. Mwalimu alipanda upande wa pili, akamwonyesha haraka haraka, hii na hii na hii, kama unavyomkumbusha mtu anayejua. Huruma aliitikia kwa kichwa. Kichwa kilisikia. Mguu haukusikia.

Lori liliondoka, likiruka kidogo kama ndama. Leonida alikuwa upande wa pili wa uwanja, nje tu ya uzio, mikono kifuani. Akaona lori linamjia. Akaona Huruma anakaza uso pale pa kubadili gia, ule uso wa kwenye kigoda. Na lori, badala ya kutulia, likanguruma kama limechomwa mkuki na kurukia mbele. Kadiri Huruma alivyozidi kukanyaga, ndivyo lilivyozidi kukimbia. Wasichana walitawanyika. Pipa liliruka juu, uzio ukalala, na lori likazimika pua ikiwa barabarani, mwalimu ameivuta breki ya mkono kwa mikono miwili na kofia haipo.

Hakuna aliyeumia. Leonida alikuwa amekaa chini bila kujua amekaa saa ngapi.

Mwalimu Steven alishuka, akaokota kofia, akaikung'uta.

"Binti," alisema, "ulisema umewahi kuendesha nini?"

Huruma alitazama miguu yake.

"Nenda nyumbani."

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu. Huruma alisema neno moja tu, walipofika karibu na kwao: "Mama, nilijua. Alivyonionyesha nilijua. Lakini miguu yangu ilirudi nyumbani. Ilikwenda kwenye matofali."

Habari ilikuwa imetangulia, kama kawaida ya habari. Zablon alikuwa anawasubiri uwanjani kwao, amekasirika kama mtu aliyeibiwa.

"Inakuwaje unakanyaga mafuta badala ya klachi? Nilikufundisha mimi. Klachi iko wapi?"

Huruma alikaa kwenye kigoda chake na kugusa tofali la mkono wake wa kulia.

"Hapana," alisema Zablon, akikaa kwenye kigoda chake mbele yake, kama siku ile. "Kushoto. Hili hapa." Na akagusa tofali lile lile.

Kuku alipita katikati yao.

Leonida alimshika mdogo wake kola, akamwinua, akamwinua na Huruma, akamkalisha Zablon kwenye kigoda cha binti.

"Haya. Kushoto ni wapi?"

Zablon alitazama matofali. Akatazama mikono yake. Akatazama kigoda alichotoka, ambako kushoto kwake kulikuwa kulia kwa mtoto.

"Dada," alisema polepole, "mimi nilikuwa nakaa upande wa utingo."

"Ulikuwa unakaa upande wa mdomo," alisema Leonida.

Basi hapo palikuwa mwisho, kwa jinsi mtu anavyoweza kudhani. Mtoto yupo nyumbani, mzima, hajafa, hajaua. Kama Leonida alikuwa anaomba kitu siku zote zile, alikuwa anaomba hicho. Angechukua ungo wake apepete ulezi, na matofali yangerudi kwenye mafiga. Aliinama ayaokote.

Agustina akatokea juu ya minyaa.

"Poleni, Mama Huruma. Tumesikia. Angalau sasa ungo utarudi kazini. Mtoto wa mwenye duara anaonaona tu, ni damu. Tulikwambia."

Leonida alikuwa ameshika tofali moja. Alilitazama. Akakumbuka matimba yaliyooza, na wenzake Batholomeo wakisimama kando ya shimo wakisema tulimwambia, tulimwambia, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameshuka na mti mpya begani.

Akaliweka tofali upande wa pili. Akachukua la kule, akalileta huku. La mafuta akalivunja nusu kwa jembe, ili mguu ulijue hata macho yakisahau. Kisha akaokota ungo, akaupiga vumbi, akampa Huruma.

"Ungo haurudi," alimwambia Agustina. "Una safari."

"Mama, wamenifukuza," alisema Huruma.

"Nimesikia. Kaa. Fumba macho kama unataka, lakini sasa nami nitatazama. Na usiseme wewe ni dereva. Sema unajifunza. Klachi."

Mguu wa Huruma ukaenda kulia.

"Tena," alisema Leonida.

Kumfundisha asiyejua ni kazi. Kumfundisha aliyezoea vibaya ni kazi mbili, maana lazima ung'oe ndipo upande. Leonida alipika anaita klachi. Alifua anaita breki. Mtoto akila, akichota maji, akisalimia watu njiani, mama anaita, na mguu unatafuta. Mwanzoni ulikwenda nyumbani kwake kwa zamani. Huruma alilia kwa hasira, akalitupa tofali, akaliendea mwenyewe, akalirudisha. Zablon alikuja kuomba msamaha akapewa kazi ya honi. Agustina aliuliza nauli, na Leonida akamjibu kwamba gari limejaa.

Mguu ulipoanza kwenda sawa bila kuulizwa, Leonida alimchukua binti yake wakarudi Tarime. Mwalimu Steven alikuwa anatengeneza uzio.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Huruma.

"Marahaba. Mmekuja kulipia nguzo?"

"Tumekuja kwa lingine," alisema Leonida. "Huyu alikwambia amewahi kuendesha. Alikudanganya, na alijidanganya mwenyewe kwanza. Hajawahi kuendesha gari. Ameendesha ungo na matofali matatu, na matofali yenyewe yalipangwa kinyume. Sasa yamepangwa sawa. Namtaka ajaribiwe tena, pale pale, na pipa liwepo."

Mwalimu aliacha nyundo. Alimtazama kama anatafuta mahali pa kucheka, hakupaona.

"Mama, lile lori nusura likuue wewe."

"Ndiyo maana nimekuja mimi, sikumtuma mtu."

Mwalimu aliokota nyundo, akapiga msumari mmoja. Kisha akasema kesho kutwa wanakuja wasichana kutoka upande wa Serengeti, wa Issenye na kule. Huruma atakaa chini nao, atafundishwa kama asiyejua kitu, na atapanda wa mwisho. Akigusa pipa, asimwone tena.

Siku hiyo Huruma alikaa chini, vumbini, na kila aliyefundishwa alimfundisha mwenzake. Zamu yake ilipofika, mwalimu aliuliza mbele ya wote, "Umewahi kukaa kwenye usukani?"

"Mara moja, mwalimu. Niligonga pipa."

Walicheka sana, na yeye akacheka nao, akapanda.

Leonida alikuwa amekwenda kusimama nyuma ya pipa, nje ya uzio mpya, pale pale alipokaa chini siku ile. Mwalimu alitoa kichwa dirishani.

"Mama, sogea."

"Niko nje ya uzio, mwalimu."

"Uzio haukusaidia juzi. Siwashi gari mpaka usogee."

Akasogea hatua moja, mkaidi kama maksai wa jirani. Mwalimu akangoja. Akasogea nyingine, mpaka kwenye mti, na mama mwenye akili asimuige hata hapo. Alitaka binti yake amwone. Na alitaka kumwambia Batholomeo, popote alipo, kwamba safari hii kuna mtu ameshuka na mti.

Lori liliondoka. Lilikuwa linakuja, linakua. Leonida alijikuta amefumba macho, yeye aliyelichukia jambo hilo. Lakini gizani mle hakuona chuo wala mshahara wala binti aliyeweka kiwiko dirishani. Aliona tofali zima la kushoto na mguu wa kushoto juu yake. Aliona nusu tofali la kulia, na mguu wa kulia ukiliacha, ukihamia katikati.

Ngurumo ilishuka. Kukawa kimya, na sauti ya upepo wa breki, fyaa.

Alifumbua. Pipa lilikuwa limesimama. Kati ya pipa na pua ya lori angeweza kupita mbuzi, tena aliyeshiba. Huruma alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, uso umelowa jasho, hatabasamu, anatazama mbele kama bado kuna kona.

Mwalimu Steven alishuka. Alizunguka akatazama pipa, akatazama tairi, akatazama ndala za Huruma zilizokuwa zinashuka ngazi.

"Jumatatu," alisema, "uje na viatu vya kufunga."

Basi, mama unayesoma haya, mwanao akikaa kwenye kigoda na kusema anaendesha, usimnyang'anye ungo. Lakini pia usimwache na mjomba. Vuta kigoda ukae upande wake, siyo mbele yake, uone anachokiona kimekaaje. Anayeona vibaya kwa bidii anajifunza kufa kwa bidii. Leonida amezika mmoja wa namna hiyo, na wa pili alimwahi limebaki pipa tu kati yake na kaburi.

Huruma yuko chuoni sasa. Agustina alipouliza kama ungo umerudi, Leonida alimwambia umerudi, na akampepetea ulezi mbele ya macho yake. Lakini hofu haijamwisha, na asitokee mtu kusema imemwisha. Kila lori linapopita barabarani, hata akiwa na ungo mkononi na watu wanamsemesha, mguu wake wa kulia unakanyaga udongo, katikati, mpaka chini.